Anime za wanyonya damu: uanze na ipi kati ya hizi tatu?

Mtu akiniomba filamu moja ya anime, yaani katuni za Kijapani, ya wanyonya damu, ile ya kasri, mwezi mpevu na joho jeusi, namuuliza maswali mawili. Usiku wako una saa ngapi? Na unataka kuogopa, au unataka kuhuzunika? Hilo la pili huwashangaza wengi, maana wanaamini filamu hizi ni za damu tu. Damu imo, tena ya kumwagika. Ila mtu harudii filamu mara ya tano kwa ajili ya damu. Anairudia kwa sababu mle ndani kuna jambo zuri linalokaribia kutoweka, naye anataka kuliona tena kabla halijakwenda.

Ninazozilinganisha ni tatu: Vampire Hunter D ya mwaka 1985, Vampire Hunter D: Bloodlust ya mwaka 2000, na Blood: The Last Vampire, nayo ya mwaka 2000. Kwa wepesi nitaziita D ya zamani, Bloodlust na Blood. Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka asipotezewe muda: kama una usiku mmoja tu, tazama Bloodlust. Lakini wapo watu ambao Bloodlust si yao, na ningependa ujue kama wewe ni mmoja wao.

D ya zamani na Bloodlust zimetoka katika riwaya za Hideyuki Kikuchi. Riwaya yake ya kwanza ya D ilitoka mwaka 1983, ikiwa na michoro ya Yoshitaka Amano, mistari myembamba ya wino na nyuso zilizopauka kama watu walioamshwa usingizini. Dunia yake iko zaidi ya miaka 10,000 mbele yetu. Vita viliwamaliza wanadamu nguvu, wanyonya damu wakashika hatamu, wakajenga makasri, wakaunda farasi wa mitambo na wanyama wa kutisha wa kulinda mipaka yao. Kikuchi hawaiti mashetani. Anawaita kizoku, yaani watu wa nasaba. Kiswahili kina neno linalokaa hapo barabara: mamwinyi.

Tafadhali lishike neno hilo, kwa sababu ndilo ufunguo wa filamu zote mbili. Fikiria umwinyi wenyewe: nyumba kubwa, ukoo mrefu, watumishi kila mlango, fahari ya kutoshika jembe. Halafu fikiria umwinyi huo ukiwa umebaki gofu. Mwenye nyumba bado yumo. Bado anavaa nguo za karamu jioni. Mishumaa inawashwa, meza inaandaliwa, na wageni hawaji tena. Hadithi za kigothi zilipoanza kuandikwa Uingereza katika karne ya 18 zilikuwa hadithi za nyumba za namna hiyo: kasri bovu, ukoo mkongwe, siri iliyofungiwa chumbani. Wajapani waliichukua nyumba hiyo nzimanzima wakaihamishia maelfu ya miaka mbele, na huko ikapata upweke ambao haikuwa nao Ulaya. Wanyonya damu wa Kikuchi wanajua kwamba zamu yao imekwisha.

Katikati yao anapita D. Ni chotara: upande mmoja mnyonya damu, upande mwingine binadamu. Kazi yake ni kuwawinda ndugu wa baba yake kwa malipo. Binadamu wanamkodi na kumchukia siku hiyohiyo. Mamwinyi wanamdharau kwa damu iliyochanganyika. Anavaa kofia pana inayomficha macho, anasema maneno machache, na katika kiganja cha mkono wake wa kushoto anaishi kiumbe mwenye uso na mdomo, mropokaji, anayemtania, anayemsuta, na mara nyingine anayemwokoa. Msafiri mpweke ambaye mwenzake pekee ni kiganja chake mwenyewe: sijaona picha ya upweke iliyo wazi kuliko hiyo.

D ya zamani ni ya dakika 80, imeongozwa na Toyoo Ashida, na ilitengenezwa kwa ajili ya soko la kanda za video. Hadithi yake ni nyepesi kufuata. Doris Lang anaishi shambani na mdogo wake wa kiume, Dan. Mwinyi Magnus Lee amemuuma shingoni na anataka kumwoa. Doris anamkodi D. Basi. Kinachoniuma mimi katika filamu hii ni mji zaidi ya kasri. Zile alama mbili za meno zikishajulikana, Doris anageuka mkosi. Greco, mtoto wa meya, anazifanya fimbo ya kumlazimisha amkubali yeye. Ukitazama vizuri utaona kuwa msichana huyu anatakiwa na wanaume wawili kwa nguvu, mmoja ana meno marefu na mwingine ana baba mwenye cheo, na filamu haioni tofauti kubwa kati yao.

Mwinyi Lee naye si mwenye njaa. Amechoka. Ameishi mno, ameona kila kitu, na ndoa hii ni njia ya kupitisha wakati. Binti yake, Ramica, anaipinga kwa ukali kwa sababu ya nasaba: vipi damu yetu ichanganywe na ya hawa? Mbele huko filamu inamrudishia kiburi hicho kwa namna inayokata, na sitaisema hapa.

Tatizo la D ya zamani ni mkono uliokuwa mfupi wa fedha. Mwendo wa watu ni wa kukatakata, mapambano mengine yamekwisha kabla hujaelewa nani kampiga nani, na zile nyuso za Amano hazikufika kwenye kioo. Zimebaki kwenye majalada ya vitabu. Majitu yanatokea moja baada ya jingine kama yamepangwa foleni. Hata hivyo mandhari yake ya kasri, na muziki wa Tetsuya Komuro wa vinanda vya umeme, unaokwenda taratibu na baridi, vina kitu ambacho filamu zilizong'arishwa sana hazinacho. Inafanana na ndoto ya homa. Mpenzi wa filamu za kutisha za miaka ya 80 ataipokea kwa mikono miwili. Aliyezoea anime za leo atahangaika nusu saa ya kwanza, na wengi huiacha hapo. Ndiyo maana simshauri mtu aanze nayo, ingawa ndiyo iliyotangulia. Na hakuna hasara: hadithi hizi mbili hazitegemeani hata kidogo.

Sasa Bloodlust.

Iliongozwa na Yoshiaki Kawajiri katika studio ya Madhouse, ina saa moja na dakika 40 na ushei, na imejengwa juu ya riwaya ya tatu ya Kikuchi. Dakika zake za mwanzo ningemwonyesha mtu yeyote anayedhani katuni ni vichekesho vya watoto. Usiku. Mji umelala. Gari la farasi linaingia, na misalaba iliyo njiani inapinda yenyewe, chuma kinalegea kama nta. Maji yanaganda. Chumbani msichana, Charlotte, anahisi mtu, na kioo kinamwonyesha yeye peke yake, anabebwa na asiyeonekana. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna tone la damu lililodondoka, na wewe unayetazama tayari umeshajikunyata.

Baba yake anamkodi D amrudishe, au, kama amekwisha kugeuzwa, amuue kwa heshima. Familia hiyohiyo imewakodi pia ndugu wa Marcus, wawindaji wenye silaha nzito na gari la chuma, na pamoja nao yumo mwanamke mmoja, Leila, mwenye chuki binafsi na wanyonya damu. Mwinyi anayefukuzwa ni Meier Link. Na hapa ndipo filamu inapokupindua: kadiri mbio zinavyoendelea unaanza kujiuliza kama Charlotte ametekwa au ametoroka na mpenzi wake. Kwa Kiswahili swali hilo linaishi ndani ya vitenzi viwili, kuteka na kutorosha, na kila familia iliyowahi kuamka ikakuta kitanda cha binti ni kitupu inajua uzito wa kuchagua kitenzi.

Kuna tukio moja ambalo nimelirudia kuliko yote. D anafika mji mdogo kununua farasi. Mkuu wa usalama anakuja na watu wake kumfukuza, hawataki chotara mjini. Muuza farasi ni mzee. Anamtazama D, anamtambua. Alipokuwa mtoto, watoto wa mji ule waliibwa na wanyonya damu, na mwindaji mmoja aliwarudisha hai. Mzee alikuwa mmoja wa watoto hao. Amezeeka, mikono imekunjamana, na aliyemwokoa amesimama mbele yake bila kuongezeka hata siku moja. Mzee anasimama upande wake mbele ya mji mzima. D anachukua farasi na kuondoka. Ni dakika chache tu, lakini humo umeambiwa kila kitu kuhusu kuishi muda mrefu kuliko shukrani za watu.

Tena kuna mazungumzo ya D na Leila, wakiwa wamejificha pamoja. Leila anaogopa kwamba akifa hatakuwepo wa kumlilia. Wanapeana ahadi: atakayetangulia, mwenzake atamletea maua kaburini. Anayeahidi ni kiumbe asiyezeeka. Ihifadhi ahadi hiyo akilini unapotazama.

Bloodlust ina kasoro zake. Wahusika ni wengi mno. Meier amekodi walinzi watatu wa kijiji cha Barbarois, mmoja anaishi ndani ya vivuli, mwingine anajiunganisha na miti, wa tatu ni mtu-mbwamwitu, na kila mmoja angestahili filamu yake. Wanapewa dakika kumi wanaondoka. Robo ya mwisho, katika kasri la Carmilla, bibi aliyechukua jina la mnyonya damu wa riwaya fupi ya Sheridan Le Fanu ya mwaka 1872, imejaa hadi inamwagika. Mapambo mengi, mapepo mengi. Mimi naipenda hata ikiwa hivyo, kwa sababu gothi iliyojibana si gothi. Lakini anayetaka hadithi iliyopigwa pasi atasumbuka.

Blood inasimama upande mwingine kabisa. Dakika 48. Imeongozwa na Hiroyuki Kitakubo katika studio ya Production I.G. Hakuna kasri, hakuna mwinyi, hakuna mapenzi. Mwaka ni 1966, mahali ni kambi ya jeshi la anga la Marekani huko Yokota, nje kidogo ya Tokyo, wakati vita vya Vietnam vikiendelea. Saya, msichana wa sare ya shule na upanga, anatumwa ndani ya shule ya kambi kutafuta viumbe vinavyojifanya watu. Wanaomtuma ni wanaume wa suti wasiojieleza.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilipata ubaridi ambao D hakuwahi kunipa, na ilinichukua muda kujua kwa nini. Mnyonya damu wa Ulaya ana kasri. Wa kwetu hakuwa nalo. Sisi tulikuwa na mumiani. Katika miji ya Afrika Mashariki wakati wa ukoloni watu walinong'onezana kuhusu wazimamoto na magari yao, kwamba wanawanasa watu usiku na kuwatoa damu kwa ajili ya dawa. Mwanahistoria Luise White alichapisha kitabu kizima kuhusu uvumi huo, mwaka huohuo wa 2000. Mumiani hakuwa bwana wa nasaba. Alikuwa mtu wa kazini, mwenye sare, gari na mwajiri. Blood inanusa harufu ileile: taa za gereji, jengo la serikali, daftari lenye picha ya zamani, swali linalojibiwa na ukimya. Bibi zetu wangeielewa kabla ya kuielewa D.

Jambo dogo ambalo nalipenda humo: upanga wa Saya unaharibika, naye anakwapua mwingine katika duka la vitu vya kale. Ni wa bandia, umetengenezwa kwa ajili ya watalii. Katikati ya hatari ya kufa, silaha inageuka pambo la ukutani. Filamu imejaa makini ya namna hiyo. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: inakwisha ukiwa ndiyo kwanza umekaa vizuri. Maswali mengi kuhusu Saya yanabaki hewani. Wako wanaoona hiyo ni hila ya kisanaa. Mimi naona ni filamu iliyostahili nusu saa zaidi.

Upande wa lugha, hapa watu hukosea sana. Mashabiki wengi huambiwa anime isikilizwe kwa Kijapani na kusomwa tafsiri chini. Kwa D ya zamani nakubali. Sauti za Kijapani zina uzito, na zile za Kiingereza zilizowekwa baadaye, miaka ya 90, zimepooza. Kwa Bloodlust geuza ushauri huo. Sauti za Kiingereza zilirekodiwa kwanza, midomo ikachorwa kuzifuata, na hata huko Japani ilionyeshwa ikiwa ya Kiingereza. Ukiielewa lugha hiyo, acha macho yako huru yaangalie picha, maana picha ndiyo mali. Blood inachanganya zote mbili kama kambi ya kigeni inavyochanganya, Kiingereza ndani na Kijapani nje, na mwigizaji Youki Kudoh anampa Saya sauti kwa lugha zote mbili. Isikilize hivyohivyo ilivyo.

Upande wa watoto niseme bila kuzungukazunguka. Neno letu katuni linawaponza wazazi. Niliwahi kuweka Blood sebuleni jioni, mtoto wa dada yangu mwenye miaka sita akaona michoro, akaja kujibanza kando yangu na kikombe chake cha chai. Tukio la kwanza ni ndani ya treni ya chini ya ardhi, na upanga unafanya kazi yake pale. Alilala na taa usiku ule na usiku uliofuata, na kosa lilikuwa langu. Zote tatu ni za watu wazima na vijana waliokwisha kukomaa. D ya zamani ina vichwa vinavyopasuka na sehemu mbili tatu za utupu, kwa hiyo si ya kutazama na wakwe. Bloodlust ndiyo yenye staha zaidi. Binamu zangu wa sekondari nimeiangalia nao bila kuinamisha uso.

Kuna wanaotaja pia Kizumonogatari, ile ya sehemu tatu iliyotoka mwaka 2016 na 2017. Mkutano wake wa kwanza na mnyonya damu, kituoni usiku, ni wa ajabu kweli. Lakini inadai saa tatu na nusu, na inawatazama wasichana wa shule kwa jicho lisilonipendeza. Siiweki mbele ya anayeanza.

Neno kuhusu nakala. Filamu hizi zimechorwa ndani ya giza, na nakala iliyobanwa sana ili itoshee kwenye flashi inaliua giza hilo: joho la D linageuka miraba myeusi inayorukaruka. Bora upate nakala moja safi kuliko kumi mbovu. D ya zamani kwenye simu yenye mwanga mdogo, mchana, ni kazi bure. Blood inavumilia simu, kwa kuwa picha zake ziko karibukaribu na nyuso zinajaza kioo. Bloodlust idai skrini kubwa kuliko zote ulizonazo, hata kama ni ya jirani.

Kwa hiyo: mwenye chini ya saa moja, asiyependa mapenzi wala mashairi, anayetaka ubaridi wa uti wa mgongo, achukue Blood. Aliyekulia kwenye filamu za kanda, anayesamehe mchoro mkavu kwa ajili ya hali ya ndoto, achukue D ya zamani, na kama kuna kijana nyumbani anayejifunza kuchora, amwite. Waliobaki, na mtu yeyote aliyewahi kumpenda asiyeruhusiwa, ni wa Bloodlust. Anza saa tatu usiku, taa zimezimwa. Saa tano kasoro robo hivi utakuwa umemaliza. Mapigano yakiisha usinyanyuke. Ile ahadi ya maua bado haijajibiwa.